Spika Mpya, Besi Pungufu: Uchambuzi wa Kisa cha Redio ya Toyota IST

Gari lenyewe ni Toyota IST ya mwaka 2004, iliyoingia Dar es Salaam kutoka Japani ikiwa imeshatumika, na iliyokuwa bado na redio yake ya kiwandani pamoja na mfumo wa spika nne, moja katika kila mlango. Mwenye gari ni mwalimu wa sekondari anayetoka Mbagala alfajiri na kurudi jioni, na kwa kuwa foleni ya Barabara ya Kilwa haina huruma, hukaa ndani ya gari hilo muda mrefu kuliko anaokaa sebuleni kwake. Husikiliza taarabu kutoka kwenye simu, na saa ya habari ikifika hugeukia redio. Kabla ya kunifikia alikuwa ameshakwenda kwa fundi mwingine, akabadilishiwa spika mbili za mbele kwa fedha ambayo kwake haikuwa ndogo, na matokeo yakawa kinyume cha alichokitarajia. "Fundi, zile za zamani zilikuwa nafuu," aliniambia. "Hizi mpya zinapiga kelele tu, besi sijui imekwenda wapi."

Ombi lake lilikuwa niweke redio ya skrini kubwa, kwa kuwa alishaambiwa kwamba redio ya kiwandani ndiyo inayozikaba spika mpya. Maelezo hayo yalikuwa na chembe ya ukweli, lakini hayakueleza kwa nini besi ilipungua siku ileile spika zilipobadilishwa huku redio ikiwa ni ileile. Kitu kilichobadilika kilikuwa mlangoni, na huko ndiko nilikoona tuanzie.

Kabla ya kufungua skrubu hata moja nilikaa kwenye kiti cha dereva, nikaweka CD halisi ndani ya redio. Nilifanya hivyo kwa makusudi, kwa sababu nyimbo nyingi zinazozunguka kwa WhatsApp zimeshabanwa mara kadhaa, na si haki kulihukumu gari kwa wimbo ulioharibika kabla haujafika ndani yake. Nilizima spika za nyuma kwa kitufe cha mbele na nyuma, kisha nikasogeza balansi yote upande wa kulia. Besi ikarudi. Nikaisogeza yote kushoto. Besi ikawapo vilevile. Nilipoirudisha katikati, ambako spika zote mbili hupiga kwa pamoja na kwa hiyo besi ilipaswa kuwa nzito zaidi, ikatoweka, na sauti ya mwimbaji ikaanza kuelea ndani ya gari isijulikane inatoka upande gani.

Jaribio hilo halihitaji kifaa chochote, na mwenye gari yeyote anaweza kulifanya akiwa ameegesha kivulini. Maana yake ni moja tu: spika moja imefungwa kinyume, chanya yake ikiwa kwenye hasi. Spika moja inaposukuma hewa mbele, mwenzake anaivuta nyuma, na mawimbi marefu ya besi yanafutana. Sauti ya hezi 100, yaani mitetemo 100 kwa sekunde, ina wimbi lenye urefu wa takribani mita 3.4, ambao ni mkubwa kuliko upana wa gari lote kwa ndani, kwa hiyo tofauti ya umbali kati ya sikio la dereva na kila spika ni ndogo mno kuweza kuiokoa besi hiyo. Sauti za juu, ambazo mawimbi yake ni ya sentimita chache, hazifutani kwa mpangilio wa namna hiyo. Hapa zinaimarika, pale zinadhoofika, lakini kwa jumla zinaendelea kusikika. Ndiyo maana mwalimu aliposema "kelele tu" alikuwa ameieleza hitilafu kwa usahihi kuliko fundi aliyempa ushauri wa skrini.

Nilipofungua kava la mlango wa kushoto nilithibitisha kwa betri ya saa ya ukutani, ile ya volti 1.5. Spika ikiwa imechomolewa kwenye redio, ukigusisha chanya ya betri kwenye waya unaodaiwa kuwa chanya na hasi kwenye hasi, kwa kitambo kidogo tu, koni, yaani sehemu ya mbele ya spika inayotetemeka, inapaswa kuruka kwenda nje. Ya kulia iliruka nje; ya kushoto ilizama ndani. Soketi za kiwandani zilikuwa zimekatwa pande zote mbili, na waya zilikuwa zimesokotwa kwa mkono na kufungwa kwa utepe ambao gundi yake, kwa joto la mlangoni, ilikuwa imeshaanza kuteleza.

Kosa la namna hii hutokea kwa sababu inayoeleweka, ingawa haisamehewi kirahisi. Fundi anayefuata rangi za waya za redio za dukani akikutana na waya za Toyota hupotea, kwa kuwa rangi zilezile zina kazi tofauti. Waya wa zambarau, ambao kwenye redio za dukani ni wa spika ya nyuma kulia, kwenye soketi ya Toyota ni hasi ya mbele kushoto. Mweusi ni hatari zaidi: kwenye redio za dukani ndio erthi, ilhali kwenye Toyota ni chanya ya spika ya nyuma kushoto, na erthi ni waya wa kahawia. Nimeshaona redio iliyokufa kwa sababu mtu aliuamini waya mweusi, akaunganisha tokeo la spika moja kwa moja na bodi ya gari. Dawa yake ni soketi ya kati inayochomekwa kwenye soketi ya gari bila kukata chochote. Ni kipande cha plastiki cha bei ndogo, na sielewi kwa nini baadhi yetu bado tunaona fahari ya kukata.

Kuzigeuza waya za kushoto kulichukua dakika chache, na besi ikarudi kwa kiasi. Kwa kiasi tu. Bado mlango ulikuwa na tatizo la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha kisa hiki, kwa kuwa ndilo linaloyakuta magari mengi zaidi.

Spika ya kiwandani ya Toyota huonekana duni ukiishika mkononi. Ni nyepesi, fremu yake ni ya plastiki, koni ni ya karatasi na sumaku ni ndogo. Lakini fremu hiyo ya plastiki imefinyangwa kwa ajili ya mlango ule: imeinuka kama ukingo wa bakuli, ina mpira au sponji pembezoni, na inaziba tundu la bati bila kuacha mwanya. Spika ya dukani ina fremu bapa ya chuma iliyotengenezwa ili iingie kwenye magari ya kila namna, jambo ambalo maana yake ni kwamba haiingii sawasawa kwenye gari lolote mpaka itengenezewe pete ya kuikalia. Hizi mpya zilikuwa zimekazwa kwa skrubu mbili mbili juu ya tundu kubwa kuliko zenyewe, na kwa upande wa chini kidole changu cha mwisho kilipita bila shida. Isitoshe, karatasi ya nailoni inayofunika mashimo ya mlango kwa ndani ilikuwa imechanwa wakati wa kazi na haikurudishwa.

Koni inaposukuma hewa mbele, nyuma yake inavuta kiasi kilekile. Pande hizo mbili zikipata njia ya kukutana, hewa huzunguka tu kutoka mbele kwenda nyuma na besi haimfikii msikilizaji. Kwa spika ya mlangoni, mlango ndio boksi. Boksi lenye mwanya kuizunguka spika na matundu makubwa ya kupitishia mkono nyuma ya kava haliwezi kushika besi, hata spika iwe ya bei gani. Nailoni ile, ambayo watu huiona kama kifungashio, ina kazi mbili: inasaidia kuutenga upande wa nyuma wa spika na upande wa mbele, na inazuia maji ya mvua, ambayo kwa kawaida huteremka na kioo hadi ndani ya mlango, yasilowanishe kava. Msimu wa masika ungefika, mwalimu angeletewa pia harufu ya ukungu.

Hapo nilifanya ulinganisho ambao nilikuwa na hamu nao mwenyewe. Spika za zamani zilikuwa kwenye buti, zimefungwa kwa gazeti. Nilirudisha moja mlango wa kulia mahali pake pa asili, nikaiacha mpya kushoto ikiwa imegeuzwa waya, na nikawa nahamisha balansi huku na huku. Ya zamani ilisikika kubwa zaidi kwa sauti ileile ya redio, na sauti ya binadamu ilikuwa imejaa. Mpya ilikuwa safi zaidi kwenye nyuzi za ganuni na kwenye vigelegele, lakini ilikuwa kama inaomba kusukumwa.

Sababu ni wepesi wa spika kuitikia. Boksi la spika mpya liliandikwa desibeli 88 kwa wati 1 kwa mita 1, yaani ukiipa spika wati 1, sauti yake hupimwa desibeli 88 ukiwa umbali wa mita 1. Spika za kiwandani, kwa kuwa watengenezaji wanajua redio yao ina nguvu kidogo, hutengenezwa na koni nyepesi inayotoa sauti kubwa kwa wati chache. Kila upungufu wa desibeli 3 unaidai amplifaya wati maradufu ili sauti ifikie kiwango kilekile, na wati hizo redio haikuwa nazo.

Mwalimu alinionyesha tangazo la redio lililoandikwa wati 50 mara 4, akidhani ndilo jibu. Hesabu yake ni fupi. Umeme wa gari injini ikiwa inawaka ni kama volti 14.4. Redio isiyo na kifaa cha kupandisha volti haiwezi kuipa spika ya omu 4, kipimo cha ukinzani wake kwa umeme, zaidi ya volti hizo; ukizidisha 14.4 kwa 14.4 na kugawa kwa 4, unapata 51.8. Hizo ndizo wati 50 za kwenye tangazo, na zinapatikana pale tu wimbi linapokuwa limekatwa kabisa vichwa na kuwa la mraba, hali ambayo sikio huisikia kama mkwaruzo. Kwa wimbi safi, hata bila upotevu wowote, hesabu inatoa kama wati 26, na kwa vitendo redio nyingi huishia kwenye wati 18 hadi 20 kwa kila spika. Kwa kipimo hicho, redio ya kiwandani na redio ya skrini kubwa ni ndugu wa tumbo moja. Kununua skrini kwa ajili ya nguvu ni kulipia maandishi.

Hata hivyo redio ilikuwa na kosa lake halisi, nalo halikuhusu nguvu. Redio za Japani za wakati ule hupokea FM kuanzia megahezi 76 hadi 90, ilhali stesheni za Tanzania ziko kati ya 87.5 na 108. Kwa hiyo gari hili, kama maelfu ya wenzake, lilikuwa limefungwa ekspanda kwenye waya wa antena, kifaa kinachoyashusha masafa ili redio iyaone. Ekspanda ya megahezi 12 huifanya 93.7 isomeke 81.7. Lakini tazama kinachotokea Dar es Salaam: Times FM ya 100.5 inashushwa hadi 88.5, mahali ambapo Clouds FM iko yenyewe hewani kwa nguvu, na ekspanda za bei rahisi hazina uwezo wa kuizuia isipenye. Stesheni mbili zinagombea kiti kimoja. Na kwa kuwa redio inaishia 90, chochote kilichoko juu ya 102 hakifiki kabisa. Mwalimu alikuwa amezoea kudhani kwamba baadhi ya stesheni "hazishiki Mbagala".

Taarabu yake ilikuwa na safari ngumu zaidi. Kwa kuwa redio haikuwa na Bluetooth wala tundu la kuchomeka waya wa simu, alitumia moduleta, kile kidude kinachochomekwa kwenye tundu la kiwashio cha sigara. Wimbo ulitoka kwenye simu kwa Bluetooth, ukaingia kwenye moduleta, ukarushwa hewani kama stesheni ndogo ya FM, ukapokewa na antena, ukashushwa na ekspanda, ndipo ukaingia redioni. Utangazaji wa FM wenyewe hukata sauti zilizo juu ya kilohezi 15, jambo ambalo kwa masikio mengi si msiba. Msiba ni mvumo wa chini kwa chini wa moduleta za bei nafuu, pamoja na mkwaruzo unaozuka simu inapokuwa imefunguliwa sauti hadi mwisho na kuizidi nguvu sakiti ndogo iliyomo ndani. Nilimchezea wimbo mmoja mara mbili, kwanza kwa CD, kisha kwa moduleta. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Kwa hiyo miaka yote hii nilikuwa nasikiliza hivi?"

Tulizungumza kuhusu njia mbili. Redio yake ilikuwa na tundu la nyuma la kuunganishia chenja ya CD, kifaa kinachobeba CD kadhaa na kuzibadilisha chenyewe, na vipo vifaa vinavyojifanya kuwa chenja ili kuiingiza simu kwa waya. Njia hiyo ingeiacha dashibodi kama ilivyotoka kiwandani, na kwa mtu asiyejali FM ningeipendekeza bila kusita. Kwa mwalimu anayetaka habari ya saa mbili isiyogombana na stesheni nyingine, kubadilisha redio ndiko kulikokuwa na mantiki, ila si kwa ile ya skrini. Alichagua redio ya kawaida yenye Bluetooth, FM ya 87.5 hadi 108, na kichujio cha kuzuia besi ya chini isiende kwenye spika za mlangoni. Nafasi ya redio kwenye Toyota ina upana wa milimita 200 na redio za dukani zina 178, kwa hiyo huwekwa vibanzi viwili vya plastiki pembeni. Bila vibanzi hivyo dashibodi hubaki na mapengo kama mdomo wa mtoto wa miaka saba.

Kazi ya milango ilichukua sehemu kubwa ya siku. Nilikata pete za plaiwudi ya milimita 18, nikazipaka rangi ya mafuta tabaka mbili kwa sababu plaiwudi isiyopakwa rangi hunywa maji ya mlangoni na kuvimba, nikazikaza kwenye bati kwa skrubu nne na sponji katikati. Matundu makubwa ya mlango niliyafunika kwa vipande vya bati jembamba la alumini na juu yake karatasi ya butili, yaani mpira mzito unaonata na kupunguza mtetemo, nikiacha njia ya kulifikia komeo na mota ya kioo. Bati la nje sikulifunika lote. Robo hadi theluthi ya eneo lake inatosha kuliondolea mlio wa debe. Matundu madogo ya chini kabisa ya mlango hayaguswi, kwani ndimo maji yanamotokea, na mlango unaozibwa matundu hayo huoza kutoka ndani. Nitaongeza neno kuhusu karatasi za lami za kuzibia mapaa, ambazo baadhi ya mafundi huzitumia badala ya butili kwa kuwa zinafanana: gari likiegeshwa juani Dar es Salaam mwezi wa Februari, lami hulainika, huteremka, na hunuka. Nimeshaikwangua kwenye milango ya watu, sitamani kuirudia kazi hiyo.

Spika mpya tulizibakiza kwa kuwa fedha yake ilikuwa imeshatoka na pete zilikuwa zimeshaziba upungufu wao. Kama angefika kwangu kwanza, ningeziacha za kiwandani milangoni na kuipeleka fedha hiyo kwenye redio na butili.

Mipangilio nilianza nayo upya. Mwalimu alikuwa na mazoea ya kupandisha besi hadi mwisho, jambo linaloeleweka kwa mtu ambaye besi yake ilikuwa inafutana hewani, lakini kila unapopandisha besi kwa desibeli 3 unaila akiba ya wati maradufu, na akiba yenyewe ndiyo zile wati 18. Nilirudisha kila kitu kwenye sifuri na kuweka kichujio kwenye hezi 80. Chini ya hapo spika ya sentimita 16 inateseka bure: kila masafa yanaposhuka kwa nusu, koni inalazimika kwenda umbali wa mara nne ili kutoa sauti ya nguvu ileile. Ukiiondolea mzigo huo, sauti za kati zinatulia na redio inaweza kufunguliwa zaidi kabla haijakwaruza. Spika za nyuma nilizipunguza hadi zisikike kwa abiria wa nyuma bila kuivuta sauti ya mwimbaji kutoka mbele.

Matokeo tuliyasikiliza kwa wimbo uleule wa CD na kisha kwa simu. Sauti ya mwimbaji ilisimama juu ya dashibodi, gitaa la besi likawa linafuatika noti kwa noti, na tofauti kati ya CD na Bluetooth haikuwa ya kusumbua mtu aliye barabarani. Kilichobaki ni mtetemo mdogo wa plastiki ya kitasa cha mlango wa kushoto, ambao haukuwapo kabla kwa sababu hapakuwa na besi ya kuutetemesha; kipande cha sponji kiliumaliza. Alinionya pia kwamba simu ikichajiwa garini husikika mlio unaopanda na kushuka na injini. Niliijaribu na sikuusikia, kwa kuwa sasa sauti inapita kwa Bluetooth na haishiriki waya wa erthi na chaja, ingawa angetumia waya wa AUX, ule wa kuichomeka simu kwenye redio, huenda mlio huo ungerudi.

Aliuliza kuhusu sabufa. Ya inchi 8 ya chini ya kiti, yenye amplifaya yake ndani, ingemfaa kwa zile besi za chini ya hezi 80 ambazo milango imeachishwa, lakini inahitaji waya wake wenyewe kutoka kwenye betri, na fyuzi iliyowekwa karibu kabisa na betri ili waya ukichubuka mahali popote njiani usiwashe moto. Nilimshauri akae na gari mwezi mmoja kwanza. Mwezi ulipokwisha alipiga simu kwa jambo jingine: alitaka kujua kama zile spika za zamani, zilizorudi kwenye gazeti lake, zinaweza kuwekwa kwenye gari la mdogo wake. Nilimwambia wazilete zote mbili pamoja na gari, na asikubali mtu akate soketi.